Mwaka Niliokuwa Mleta Habari

Nilirudi Msambweni kutoka mazishi ya Bwana Mutua nikiwa na miguu iliyovimba na masikio yaliyochoka. Tulimzika kwao, bara, shambani mwake, siku ya jua kali, na kabla jeneza halijashushwa walizungumza watu kumi na wawili. Kila mmoja alishika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa nguzo, alikuwa taa, alikuwa mti mkubwa ulioanguka. Kila mmoja alipomaliza, watu waliokuwa wameketi mahemani walipiga makofi kidogo, kisha wakaendelea kuulizana habari za watoto. Katika wote kumi na wawili hakuna aliyetaja jambo moja alilomwona marehemu akilitenda kwa macho yake. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya nne, bibi wa Pwani mwenye buibui kati ya watu wasionijua, na mara mbili niliinua mkono kuomba nafasi kisha nikaushusha. Kwa hiyo nayaandika hapa yale ambayo ningeyasema, ingawa kwa urefu zaidi kuliko ambavyo wangenivumilia.

Habari za wazazi wangu na za kuzaliwa kwangu naziacha, kwa sababu hazihusiki. Itoshe kwamba mwaka wa kwanza wa bendera mpya nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa nimejifunza taipu Mombasa, na nilikuwa mwanamke pekee katika ofisi ya serikali pale Kwale. Nilipanga chumba kwa Bi Mwanakombo, mjane aliyekuwa na nyumba ya makuti karibu na soko. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku, na dirisha dogo lililotazama jikoni. Jioni harufu ya nazi na bizari ilikuwa ikiingia kabla ya Bi Mwanakombo mwenyewe kuita, "Mejumaa, njoo ukune nazi, vidole vya taipu havijaoza!" Tulikula wali na samaki wa kukaanga siku zenye samaki, na siku nyingine sima na mtsunga, mboga chungu ya kwetu ambayo wageni huitema mara ya kwanza na kuiomba mara ya pili. Kakake, Mwalimu Bakari, alikuwa akija kula kila jioni baada ya sala ya magharibi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi, na alikuwa na tabia ya kumwacha mtu amalize kusema kisha anyamaze kidogo kabla ya kujibu, jambo lililowafanya wengi wadhani hakusikia.

Bwana Mutua aliletwa kwetu mwezi wa pili wa mwaka ule kuwa msaidizi wa mkuu wa wilaya, Mwafrika wa kwanza kukaa kwenye kiti kile. Sisi Pwani tuliendelea kumwita Bwana Shauri, kama tulivyowaita Wazungu waliomtangulia, na yeye hakukataa. Alikuwa Mkamba wa miaka ishirini na minane, aliyesoma chuo kikuu, na suruali yake ilikuwa na mkunjo uliosimama hata mchana wa joto. Hakuwa na mke wala mpishi. Mwalimu Bakari alimkaribisha kula kwa dadake, na tangu hapo wanaume wawili wale walikula barazani na sisi wanawake ndani, na pazia tu katikati. Mengi ninayoyajua ya mwaka ule niliyasikia kupitia pazia lile, nikiwa na sahani mkononi.

Kazi kubwa aliyopewa ilikuwa lambo. Upande wa bara, nyuma ya Lunga Lunga, kulikuwa na kijiji cha Waduruma wafugaji ambao kila kiangazi mto wao ulikauka, na wanawake wakafuata maji mwendo wa asubuhi nzima. Serikali ilimtuma mpimaji, akapiga vigingi mahali ambapo bwawa la kukinga maji ya mvua lingechimbwa. Kuchimba kulikuwa juu ya wanakijiji wenyewe, bila malipo, kwa kuwa sasa nchi ilikuwa yao. Hivyo ndivyo waraka ulivyosema. Niliutaipu mimi mwenyewe, nakala tano. Ila waraka haukusema kwamba watu wale wale walikuwa wamechimbishwa matuta kwa lazima miaka ya nyuma, huku askari wa chifu wakisimama na fimbo, na kwamba neno kuchimba lilikuwa limekwisha kuharibika midomoni mwa serikali yoyote.

Baraza la kwanza nilihudhuria kama karani wa kuandika yaliyosemwa. Bwana Mutua alisimama juu ya meza. Alikuwa na sauti nzuri, nene, na alizungumza kwa nusu saa juu ya uhuru, juu ya jasho, juu ya taifa changa linalojengwa na mikono ya wananchi, macho yake yakitazama juu ya vichwa vya watu, kama aliyeona wengine muhimu zaidi wamesimama nyuma yao. Wanaume walipiga makofi mahali pa kupiga makofi. Siku ya kuanza kazi walikuja watu saba, na watano kati yao walikuwa jamaa za chifu. Makarani wenzangu ofisini walicheka. "Yule wa zamani alisema chimbeni," alisema mmoja wao akinoa penseli, "na huyu wa sasa asema chimbeni. Bendera ndiyo iliyobadilika, jembe ni lile lile." Bwana Mutua alikuwa mlangoni, na alisikia. Aliingia ofisini kwake akafunga mlango polepole.

Jioni ile kupitia pazia nilimsikia akiuliza, "Mwalimu, wewe watoto wako hukusikiliza vipi?"

Mwalimu Bakari alimaliza tonge lake kwanza. Kisha akasema, "Bwana Shauri, mimi nina mchezo. Nahitaji mfalme. Njoo uwe mfalme wangu, huenda ukapata jibu lako huko."

Mchezo wenyewe ulitoka katika kitabu cha Kiingereza kisichokuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hata mwenyewe hakujua jina lake. Alichojua ni kwamba ulikuwa tamthilia ya kale sana, ya watu waliokuwa wakiigiza mchana kweupe mbele ya mji mzima. Alikuwa ameufasiri kwa Kiswahili kwa mkono wake, na mimi nilimtaipia kwa malipo ya kikapu cha maembe. Ulihusu mfalme aliyeshauriwa na wazee wa mji asilivushe jeshi lake mto uliofurika, akakataa, akalivusha. Ajabu ya tamthilia zile, Mwalimu alitueleza, ni kwamba jambo kubwa halitendeki mbele ya watazamaji. Mto hauonekani, askari hawaonekani wakizama. Anakuja mtu mmoja asiye na jina, mleta habari, anasimama mbele ya mfalme na wazee, anasema alichokiona. Basi. Nafasi ile ilikuwa ya mganga msaidizi wa zahanati, lakini alihamishwa wiki mbili kabla ya onyesho, na maneno yale hakuna mwingine aliyeyajua kwa moyo isipokuwa aliyeyataipu.

"Mtoto wa kike asimame mbele ya wanaume?" Bi Mwanakombo alimuuliza kakake. "Watu watasemaje?"

"Watasema kwa siku tatu," alijibu Mwalimu. "Naye atajifunga shuka mpaka kichwani. Mleta habari si mwanamume wala mwanamke, dada. Ni macho tu."

Tulifanya mazoezi alasiri, baada ya saa za kazi, katika holi ndogo iliyokuwa na popo darini na viti vya kukunja vilivyobana vidole. Nilipoanza nilisema maneno yangu kwa kulia, maana nilidhani habari za watu kufa zatakiwa kuliliwa. Mwalimu Bakari alinisimamisha. "Mwanangu, umekimbia kutoka mtoni mpaka hapa. Pumzi ya kulia waipata wapi? Usilie. Waache wao. Wewe sema kilichotangulia, sema kilichofuata. Farasi wa kwanza alikuwa wa rangi gani? Basi sema rangi yake." Nilifanya alivyosema. Bwana Mutua aliyafanya yake kwa sauti ile ya barazani, na Mwalimu hakumsahihisha hata mara moja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mfalme wa mchezo ule hasikilizi mtu, kwa hiyo Bwana Shauri alikuwa akiigiza vizuri sana.

Siku ya onyesho holi ilijaa, na wengine walitazama madirishani. Mfalme aliposema, watu walimtazama kwa heshima, wakakohoa, wakawapangusa watoto makamasi. Halafu niliingia mimi, shuka kichwani. Nilisema jeshi lilifika ukingoni asubuhi, na maji yalikuwa na rangi ya chai. Nilisema aliyetangulia kuingia alikuwa kijana mwenye farasi mweupe, na kwamba alivua viatu akavifunga shingoni ili visilowe. Niliposema habari ya viatu vile, muuza karanga aliyekuwa mlangoni aliacha kuita. Nikaendelea. Sikuinua sauti hata mahali pamoja, na nilipomaliza nilisikia mwanamke mmoja gizani upande wa nyuma akisema, "Maskini, viatu!" Sijawahi tena kusikia kimya kama kile, nami nimesimama majukwaani miaka mingi tangu hapo, kwanza kwa ajili ya chama cha akina mama, baadaye kama diwani. Nimejaribu kukipata kwa njia nyingi, nikakikaribia mara chache.

Bwana Mutua hakuwa mjinga. Kesho yake asubuhi aliniita ofisini, akaniambia niketi, jambo ambalo hakuwahi kuniambia. "Jana mimi nilipiga kelele saa nzima," alisema, "nawe ukasema viatu visilowe, watu wakatulia kimya. Nataka kuhutubia kama mleta habari. Habari za maji za kule kijijini unazo?"

Nilikuwa nazo kidogo. Binamu yangu alikuwa ameolewa karibu na huko, na alizoea kunisimulia. Nikamsimulia Bwana Mutua niliyoyasikia: mto mkavu, shimo refu mchangani, madebe, watoto mgongoni. Akawa anatembea huku na huku, nami nataipu. Pale palipopungua, nilijaza. Niliandika, "Niliwaona akina mama wakishuka kisimani mmoja mmoja, kama watu waingiao kaburini." Sentensi ile ilinipendeza sana. Niliisoma mara mbili kabla ya kutoa karatasi kwenye mashine. Wala mimi wala yeye hakuna aliyemuuliza mwenzake kama yafaa kusema "niliona" kwa jambo ambalo hakuliona. Nikumbukavyo, swali hilo halikunijia kabisa, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Baraza la pili lilianza vizuri. Bwana Mutua hakupanda meza, alisimama chini, akaongea taratibu. Watu waliacha kunong'ona. Niliona wanawake waliokuwa nyuma wakisogea mbele, na moyo wangu ukafurahi kwa kazi yangu. Akafika kwenye sentensi yangu. Aliisema kwa upole kabisa: mmoja mmoja.

Mwanamke mmoja mtu mzima alisimama. Jina lake lilikuwa Mama Nyevu, nilikuja kulijua siku ile ile. Alikuwa amejitanda kanga iliyopauka, na hakuwa na hasira usoni, alikuwa kama mtu anayetaka kuelewa.

"Bwana Shauri, samahani," alisema. "Wasema uliona. Uliona siku gani?"

"Siku zilizopita, mama."

"Nasi tulikuwako?"

"Mlikuwako."

"Na tulishuka mmoja mmoja?"

"Ndiyo, mama."

Akawageukia wenzake, kisha akamgeukia tena. "Mwanangu, shimo lile lina kina cha watu watatu. Ukishuka peke yako, maji utayapandisha na nani?"

Mtu mmoja alicheka, halafu wote wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo lilikuwa zito zaidi. Walisimama wakajikung'uta vumbi, wakaenda zao wakiendelea kucheka, na chifu akawa anaita majina ya watu ambao hawakugeuka.

Tulirudi Kwale kwa gari la ofisi. Nilidhani nitafukuzwa kazi. Bwana Mutua alipoegesha, alisema akitazama usukani, "Umeniaibisha, Mejumaa." Nami, sijui nilipata wapi ujasiri, nikamjibu, "Bwana, mimi nimekosa, nimeandika nisilolijua. Lakini aliyesema niliona ni wewe." Akazima injini, akashuka. Nilikwenda chumbani nikalala chali nikitazama makuti, na Bi Mwanakombo aliponiita kula nilisema nina homa.

Siku mbili Bwana Mutua hakuja kula. Siku ya tatu alikuja, na kupitia pazia nilimsikia akimlaumu Mwalimu: mchezo wake haukufaa kitu, watu wa huku wana dharau, mbinu ile imeshindwa. Mwalimu Bakari alimwacha amalize yote. Kisha akasema, "Bwana Shauri, mfalme ana taji, ana jeshi, ana kiti. Mleta habari hana hata jina. Ana kitu kimoja tu, kwamba alikuwako. Wewe umechukua maneno yake ukamnyima kile kimoja." Akasikika akisogeza sahani. "Kula samaki, anapoa."

Jumatatu yake Bwana Mutua aliniambia nivae viatu vya kutembea. Tulilala kwa binamu yangu, na alfajiri tukafuatana na wanawake wa kijiji, yeye akibeba debe tupu begani. Mama Nyevu alimwitikia salamu yake, "Marahaba," akaendelea na mwendo. Jua lilikuwa limepanda tulipofika. Shimo lilikuwa katikati ya mto mkavu, na ukutani mwake zilichongwa ngazi nne za udongo. Wanawake walishuka watano kwa pamoja, mmoja akabaki chini kwenye maji na wanne kila mmoja kwenye ngazi yake, kata ikapanda mkono kwa mkono mpaka juu. Bwana Mutua aliomba kushika nafasi. Wakatazamana. Mama Nyevu akamwonyesha ngazi ya tatu.

Alikuwa mtu mzito, na hakuwa amevua viatu. Alipopokea kata ya pili au ya tatu, ukingo wa ngazi ulimeguka chini ya kisigino chake. Yeye alishikwa asianguke, lakini udongo ulimwagika wote ndani, na maji yaliyokuwa yamebaki, kiasi cha karai mbili, yakawa tope. Alitolewa. Wanawake zaidi ya thelathini waliketi mchangani kungoja tope litulie na maji mapya yachimbuke. Hakuna aliyemlaumu. Mtoto mmoja alilia akitaka maji, mamake akamlamba midomo kwa ulimi wake ulio mkavu vile vile. Tuliketi hivyo mpaka kivuli cha debe kikawa kidogo kabisa. Nilimtazama Bwana Mutua, mkunjo wa suruali umepotea, tope mpaka magotini, akiangalia lile shimo, nikaona kwamba angetoa mshahara wake wa mwaka kwa mtu mmoja tu wa kumtukana.

Naweza kusema mapema kwamba lambo lilichimbwa na likashika maji, maana sipendi kumsumbua msomaji kwa jambo ambalo mtu yeyote wa upande ule aweza kumwambia. Pia niseme ukweli kwamba Bwana Mutua alipopandishwa vyeo huko mbele, na hata alipokuwa mkubwa wa kuandamana na magari, nilimsikia redioni akihutubia kwa sauti yake ya mfalme. Binadamu hajifunzi jambo mara moja likakaa. Lakini wiki moja baada ya safari ile ya maji aliitisha baraza la tatu, na safari hii hakuniomba nitaipu kitu.

Walikuja wachache, nadhani wengi wao kwa kutaka kucheka tena. Mwalimu Bakari alikuja nasi akaketi karibu naye. Bwana Mutua alisimama bila karatasi, akitazama watu machoni, na maneno yake nayakumbuka karibu yote kwa sababu hayakuwa mengi.

"Mara ile nilisema niliona, na sikuwa nimeona. Nilidanganya. Juma lililopita nilikwenda. Nilisimama ngazi ya tatu, na viatu vyangu. Ngazi ilivunjika, nikawachafulia maji. Mlikaa mkangoja mpaka adhuhuri, mkarudi na nusu debe. Mama aliyekuwa chini yangu alikuwa mjamzito, na alinishika mguu nisimwangukie. Sikumwuliza jina. Mtoto mwenye shati la kijani alilia, kisha akanyamaza mwenyewe. Ndiyo niliyoyaona. Sina amri ya kuwapa."

Akaketi.

Kikaja kimya, na kikakaa. Nilianza kuogopa kwamba ndiyo mwisho. Kisha mzee mmoja upande wa kushoto akasema, bila kusimama, kama anayezungumza na jirani yake tu, "Ila pale mpimaji alipopiga vigingi hapashiki maji. Pale ni mchanga mtupu."

"Mchanga wapi?" mwingine akamjibu. "Mchanga ni juu. Chini ni udongo wa mfinyanzi, babangu alichimba pale."

"Babako alichimba kule kwenye mkwaju!"

Mama Nyevu akasimama. "Nyinyi wanaume hamchoti maji, mwajuaje? Maji ya mvua hupita nyuma ya zizi la kina Chirima. Tukichimba, tuchimbe pale."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja, wengine wakainuka, wengine wakachora mchangani kwa vijiti, hawa na wale wakivutana. Bwana Mutua uso wake ulikuwa umewaka kwa furaha. Alikuwa na majibu yote, ramani ya mpimaji ilikuwa mfukoni, na nilimwona akiinuka, amekwisha kufungua mdomo.

Mwalimu Bakari akalivuta koti lake kwa nyuma. "Keti, Bwana Shauri," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sasa wanasema wao."

Akaketi. Walibishana mpaka adhuhuri ikapita, kisha wakaondoka kundi zima kwenda kupaangalia nyuma ya zizi, wala hakuna aliyekumbuka kutuaga.